Naomba ushauri: makala ya Percy Scott nianzie wapi?

Habari zenu wakuu. Naandaa makala fupi ya klabu ya historia shuleni kuhusu Percy Scott, ofisa wa mizinga wa jeshi la majini la Uingereza. Alizaliwa 1853, akaingia jeshini 1866 (mtoto kabisa!), akasomea mizinga HMS Excellent, shule ya mizinga ya jeshi hilo huko Portsmouth, Uingereza. Mwaka 1899, akiwa nahodha wa meli ya kivita HMS Scylla, mizinga yake ilipata shabaha mara 56 kati ya 70. Kwa wakati ule ilikuwa maajabu.

Nimekwama kwenye mbinu yenyewe. Awali mpigaji alisubiri meli iyumbe mpaka shabaha ilingane na mtutu, ndipo afyatue. Scott akawazoesha kuzungusha gurudumu la mzinga bila kukoma, shabaha isiwatoke machoni. Mazoezi yalitumia shabaha ndogo inayopanda na kushuka, na penseli inayoweka nukta kila wakifyatua.

Nimechora ubaoni, wanafunzi wakadhani meli imetulia tu. Sasa, nianze na utoto wake au moja kwa moja na Scylla? Na kwa asiyewahi kupanda hata boti, huo myumbo nimwelezeje bila hesabu?

Natanguliza shukrani.