Kila shokapu laini ni "weka oili nzito tu"! Elfu 85 imeondoka na nusura niingie chini ya bajaji

Wakuu salaam. Kabla hamjaniambia nipunguze jazba, nisomeni kwanza. Nimetoka kuegesha pikipiki sasa hivi, mikono bado inanuka oili, na hesabu niliyopiga njiani inasema elfu 85 imekwenda na maji. Simtaji fundi wala kijiwe chake. Akisoma atajijua.

Chombo chenyewe ni cc 125 ya Kichina, ile injini iliyonakiliwa kutoka Honda CG125, ambayo nusu ya bodaboda za nchi hii zimewahi kulia mlio wake. Nimeitengeneza mwenyewe jioni na Jumapili: fremu ya nyuma nimeikata, kiti cha mtu mmoja, usukani wa chini unaofungwa kwenye mabomba ya shokapu, breki ya ngoma ya mbele nimeitoa nikaweka diski. Mtindo wa kafe resa, ule wa vijana wa Uingereza wa miaka ya 1960. Jirani yangu anaiita baiskeli ya jambazi. Sawa, kila mtu na macho yake.

Siku ya kwanza kuitoa nje nilijua kuna jambo. Ukigusa breki ya mbele inapiga magoti, taa inaacha barabara inamulika lami iliyo chini ya gurudumu. Kwenye matuta ndiyo usiseme, shokapu inaingia yote mpaka inagota, chuma kwa chuma, meno yanagongana mdomoni. Nina kilo 84, si mtu wa kutisha.

Nikiri na langu. Nilipoushusha usukani, uzito wa kifua na mikono ulihamia mbele. Nyuma nikafunga shokapu ndefu kuliko za mwanzo kwa sentimita 3, kwa ajili ya sura tu, pikipiki nzima ikainamia mbele. Juu ya hapo diski inakamata kuliko ngoma. Springi zilizomtosha bodaboda aliyekaa wima nimezibebesha mzigo usio wake. Lakini hayo nimeyajua baadaye. Wakati ule sikuyajua, ndiyo maana nilienda kwa fundi!

Fundi akabonyeza usukani mara mbili, akasema, "Bosi, oili imekuwa maji hii. Tunaweka nzito, utasahau." Hakuniambia nipande. Hakushika rula. Hakuuliza kilo zangu wala kwa nini pikipiki imeinama vile. Akamwaga oili ya zamani mchangani, akamimina oili ya injini namba 40 kutoka kwenye galoni, kwa macho, mpaka ikabaki kama vidole vitatu kufika mdomo wa bomba. Elfu 30 ufundi, elfu 8 oili. Mimi huyo nikaondoka nashukuru.

Tuta la kwanza nikahisi kama nimeshika mchi, pigo lote likaingia kwenye viganja. Kwenye vishimo vinavyofuatana ndiyo balaa lenyewe. Oili nzito kiasi kile haiwahi kupita kwenye vitundu vya ndani, kwa hiyo shokapu ikiingia kwa shimo la kwanza, kabla haijarudi juu la pili limefika, la tatu, la nne, mwisho unaendesha umechuchumaa. Na breki je? Nikishika inazama palepale pa zamani, ila kwa kujivuta.

Siku ya tatu, asubuhi, nateremka mlima huku Goba, bajaji mbele imesimama kushusha abiria. Nikashika breki ya mbele. Mkono wa breki umekaza, pikipiki inakwenda! Nikakanyaga ya nyuma kwa nguvu, mkia ukateleza, nikaingia kwenye mtaro wenye mchanga. Yule mama aliyekuwa anashuka kwenye bajaji alinitazama kama anatazama maiti inayopumua. Kuangalia chini, sili zote mbili, zile raba zinazozuia oili isitoke kwenye shokapu, zimepasuka, oili imetiririka kwenye mguu wa shokapu mpaka kwenye diski, pedi zimelowa chapachapa. Pedi zikishakunywa oili ni za kutupa. Sili elfu 12, pedi elfu 10.

Sasa sikilizeni kwa nini zilipasuka, maana hili ndilo linaloniuma. Oili haishindiliki. Juu yake ndani ya bomba lazima ibaki hewa, hewa ndiyo inayominywa shokapu ikiingia. Ukijaza mpaka karibu na mdomo, shokapu ikiingia yote hewa haina pa kukaa, na presha inatafuta palipo dhaifu. Palipo dhaifu ni sili. Hii si siri ya kiwandani, ni jambo ambalo mtu anayetoza elfu 30 anapaswa kulijua kama anavyojua kufunga nati.

Nikamrudia. Jibu lake: "Bosi, wewe unakimbiza sana."

Nikaenda kwa mwingine. Huyu hakutaka hata kusikia habari ya oili, nikadhani nimepata mtaalamu. Akafungua vifuniko vya juu, akapanga washa (zile ringi bapa za chuma) na nati kuukuu juu ya springi mpaka kifuniko kikawa hakifungiki bila watu wawili. Elfu 25. Pikipiki ikanyanyuka mbele, nikafurahi nusu saa. Kubana springi hakuifanyi iwe ngumu! Inaanzia juu zaidi tu, ugumu wake ni uleule. Kila gurudumu likining'inia baada ya tuta nikawa nasikia "ka!" shokapu ikifika mwisho wa juu, na kwenye shimo kubwa raundi za springi zikawa zinashikana kabla shokapu haijaingia yote. Kibaya zaidi, wakati wa kuchomoa aliubana ule mrija wa kromu unaopita kwenye sili kwa plaizi tupu, bila hata kitambaa. Mikwaruzo mitatu, na kila mkwaruzo ni kisu cha kukatia sili. Nimeikwangua taratibu kwa msasa wa maji namba 1000 mpaka ukucha haukwami tena. Nani atanilipa muda ule?

Wa tatu sitamchosha mtu. Alitaka kuchoma springi zangu kwa gesi "zikaze". Springi ikishakuwa nyekundu kwa moto imekufa, inabaki waya. Nikachukua vyangu nikaondoka, na kwa kweli nilitukana.

Jioni ile nikakaa nayo mwenyewe. Nikafunga kamba ya plastiki, ile ya kubania nyaya, kwenye bomba la kromu. Nikainua mbele kwa kreti la soda hadi shokapu ikanyooka yote, nikaisukuma kamba mpaka igusane na sili, nikatoa kreti, nikapanda taratibu shemeji akishikilia nyuma, miguu juu. Nikashuka, nikapima ilikofika kamba. Safari nzima ya shokapu yangu, toka imenyooka mpaka imeingia yote, ni milimita 110, na nimekaa tu zimeshaliwa 52. Karibu nusu, kabla sijatembea! Inayotakiwa ni robo mpaka theluthi hivi, kwangu mimi milimita 28 hadi 37.

Kipimo chenyewe ni dakika kumi na kamba ya shilingi mia. Watu watatu wanaojiita mafundi, hakuna aliyekifanya. Na kinamaliza ubishi wote wa oili nzito, kwa sababu ukikaa tuli, ndani weka maji au weka asali, utazama palepale. Uzito unabebwa na springi. Kazi ya oili ni kuzuia isinesenese.

Springi ngumu zaidi sikuzipata Kariakoo, kila duka wananiuliza "ya Boksa au ya TVS?" kana kwamba ugumu ni jina la pikipiki. Nikakata zangu. Raundi zikipungua springi inakuwa ngumu, ndivyo ilivyo. Zangu zilikuwa na raundi 48 zilizopindwa kwa nafasi sawa, nikatoa 7 kwa grainda, kidogokidogo huku namwagia maji zisipate moto. Zikabaki 41, ugumu umepanda kama asilimia 17. Urefu uliotoka, milimita 58, nikaufidia kwa kipande cha bomba la maji la plastiki nene cha milimita 64, washa juu na chini ili springi isiitafune plastiki. Anayetaka kujaribu, akate pungufu ya anavyodhani, apime, ndipo akate tena. Raundi iliyokatwa hairudi. Na kile kifuniko cha juu kinaruka, usikiinamie na uso wako.

Oili nikanunua ya shokapu yenyewe, 15W (hiyo ni namba ya uzito wake). Springi ikiwa nje na shokapu imeingia yote, nikaacha milimita 150 za hewa kutoka mdomoni, pande zote mbili sawasawa, nikipima kwa kijiti. Nyuma nikarudisha shokapu za zamani. Sura imepungua, jirani amefurahi.

Kamba sasa inasoma 36. Leo nimetoka Goba mpaka Kimara na kurudi, nimeshika breki kwa makusudi kila mteremko. Inainama kidogo, inasimama. Kwenye tuta haigoti. Bado nahisi ulaini kidogo nikishika breki ya ghafla kabisa, huenda nikaongeza oili milimita kumi hivi, maana hewa ikipungua kiasi mwisho wa safari unakaza. Kiasi, fundi. Kiasi. Si mpaka vidole vitatu.

Kwa hiyo wakuu mambo mawili. Mwenye kujua duka hapa Dar ambalo ukitaja unene wa waya na idadi ya raundi muuzaji hakushangai, aniandikie hapa chini. Siyo "jaribu kwa fulani, yuko vizuri". Nimeshajaribu akina fulani.

Na wewe wa galoni la namba 40: ufundi wako ulikuwa elfu 30, na hiyo naidai. Sili mbili zilizopasuka nimezihifadhi kwenye kopo la maziwa, pamoja na pedi zake. Nakuja nazo Jumamosi saa tatu asubuhi, usifunge kijiwe.