Gumzo la ukoo: watoto wetu, michezo na chakula cha likizo ya Desemba

Mama Mdogo (Dar es Salaam): Shikamooni Baba na Mama, na wengine wote mliomo humu hamjambo. Kabla hatujapanga nauli za likizo ya Desemba, ningependa tuzungumzie jambo linalohusu watoto wa nyumba zote. Mwanetu wa darasa la tatu huamka saa kumi na nusu alfajiri ili asiachwe na basi la shule, hurudi saa kumi na moja jioni baada ya kukaa kutwa nzima darasani na kwenye basi, kisha huandika kazi za nyumbani hadi usingizi unapomzidi. Jumamosi huishia kwenye simu na runinga, kwa kuwa hapa Tabata geti halifunguliwi na barabara imejaa bodaboda. Juzi alipanda ngazi hadi ghorofa ya tatu kwa rafiki yake, akafika akihema mpaka akalazimika kukaa chini.

Bibi (Muheza): Marahaba mwanangu. Mimi alipokuja mwezi wa sita nilimshukuru Mungu, maana nilimwona amenawiri na mashavu yamejaa. Mtoto mnene ni mtoto aliyelishwa.

Shangazi (Morogoro): Shikamoo Mama. Hofu yako ya njaa si ya bure, kwa sababu utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba takriban asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Hata hivyo, mtoto anaweza kujaa mashavu na bado akapungukiwa na madini ya chuma na vitamini, ikiwa anachoshiba ni chipsi, maandazi na soda. Pale kliniki ninapofanya kazi tunawaona watoto wa aina zote mbili, na wakati mwingine wametoka nyumba moja.

Baba Mkubwa (Arusha): Shikamooni wazazi. Shemeji, dawa ya huyo kijana ni nidhamu. Akifika Muheza tumwamshe alfajiri, azunguke shamba mara kumi kabla ya chai, na asiyemaliza asipewe chai. Kwa mwezi mmoja Bonge wetu atakuwa amekwisha.

Shangazi: Kaka, kwa heshima zote, hapo sikubaliani nawe hata kidogo. Mashuleni watoto huzungushwa uwanja kama adhabu ya kuchelewa, na mtoto aliyezoea kukimbia kwa sababu amekosea atakapokuwa mkubwa na kupata hiari yake hatakimbia tena. Kumnyima chai ndiyo mbaya zaidi, kwa kuwa mtoto anayekua anahitaji chakula, na kinachotakiwa kubadilika ni aina ya chakula hicho. Nawaomba pia wote humu tuache kumwita jina hilo. Tunalitamka kwa mapenzi, lakini yeye analisikia mbele ya binamu zake, na kesho yake hataki kuvua shati akaoge mtoni na wenzake.

Babu (Muheza): Binti yangu amesema kweli. Kuanzia leo mtoto huyo ataitwa kwa jina lake alilopewa, na sitaki kulisikia lile lingine hapa nyumbani kwangu.

Baba Mkubwa: Nimekuelewa Baba, na nimekuelewa Dada. Basi nieleze, mtoto anatakiwa kufanya mazoezi kiasi gani?

Shangazi: Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kwa siku za shughuli inayoupeleka moyo mbio, na angalau siku tatu kwa wiki ziwemo shughuli za kuimarisha misuli na mifupa, kama vile kuruka na kupanda. Dakika hizo si lazima zipatikane kwa mkupuo mmoja: robo saa ya kamba asubuhi na nyingine ya mpira jioni zinajumlishwa. Wadogo wa miaka mitatu na minne wanahitaji kuchangamka kwa jumla ya saa tatu kutwa, na wasikae mbele ya skrini zaidi ya saa moja. Sijataja ukumbi wa mazoezi wala mwalimu wa karate, kwa sababu mtoto anachohitaji ni nafasi, wenzake na mtu mzima asiyemfokea akichafuka.

Dada Mkubwa (Dodoma): Shikamooni wote. Mimi naomba turudishe rede. Wawili wanasimama ncha mbili na mpira wa soksi kuukuu, mmoja yuko katikati na chupa yake, anajaza mchanga kwa viganja huku akiukwepa mpira, anainama, anaruka, anageuka, na chupa ikijaa anaumwaga mchanga akihesabiwa na wenzake. Nani aliwahi kucheza rede akabaki mkavu? Kuna kombolela pia, na kidali po kwa wadogo. Naomba nisionekane mkosefu wa adabu, lakini kila likizo wavulana wanaruhusiwa kwenda kucheza chandimu, ilhali sisi wasichana tukifika miaka kumi na miwili tunaambiwa tumekua, tukae jikoni. Mifupa ya msichana nayo inajengwa katika umri huohuo.

Bibi: Mjukuu wangu, hilo nimelipokea. Vyombo vitaoshwa kwa zamu, wavulana wakiwemo, na ikifika saa kumi jioni wote mtatoka uwanjani. Nami nitaleta mkeka wangu nikae chini ya mwembe niwaangalie.

Baba Mdogo (Dar es Salaam): Shikamoo Baba, shikamoo Mama. Kinachonisumbua zaidi ni chakula. Pesa anayopewa shuleni inaishia kwenye barafu, kachori, ubuyu wa rangi na soda.

Shangazi: Mdogo wangu, chupa moja ya soda ya mililita 350 ina sukari inayozidi gramu 35, yaani karibu vijiko tisa vya chai, na hakuna hata mmoja wetu angemkorogea mtoto chai ya namna hiyo. Mfungie muhogo wa kuchemsha au kiazi kitamu, yai, karanga kidogo na ndizi, pamoja na chupa ya maji. Siwaambii kwamba soda ni sumu. Ya sikukuu ibaki ya sikukuu, na watoto waifurahie bila kusimangwa.

Mama Mdogo: Wifi, na juisi ya embe ninayomsagia mwenyewe?

Shangazi: Ni afadhali ale embe lenyewe. Likisagwa na kuchujwa nyuzinyuzi nyingi hubaki kwenye chujio, na sukari ya maembe matatu hunywewa kwa dakika moja na mtoto ambaye angeshiba kwa embe moja la kutafuna.

Bibi: Maembe Desemba yatakuwa yanaanguka yenyewe hapa. Nitawapikia ugali wa dona, kisamvu, kunde na dagaa wale wadogo wanaoliwa pamoja na mifupa yake. Maandazi yatakuwa ya Jumapili tu. Ila nisimsikie mzazi akisema mezani, "Mwanangu hali mboga za majani."

Babu: Mtoto hali mchicha ambao baba yake ameusukumia pembeni ya sahani. Wakubwa wote mtakula kilichopikwa, na saa kumi jioni simu zenu pia zitawekwa ndani ya kabati langu.

Shangazi: Asante Baba. Niongeze usingizi, maana tumeusahau: mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala kwa muda wa saa 9 hadi 12 kila usiku, na anayeamshwa saa kumi na nusu hawezi kuzipata iwapo runinga inazimwa saa nne usiku. Aliyelala kidogo huamka amechoka, hataki kucheza, na mwili wake hutamani vitamu.

Baba Mdogo: Hilo la basi tumelizungumza sana nyumbani. Mwezi mmoja wa Muheza hautasaidia kitu ikiwa Januari tutarudi kulekule, hivyo tumeanza kuulizia shule iliyo umbali wa kutembea kwa miguu, ingawa jina lake si kubwa. Nimezungumza pia na majirani wawili ili kila Jumamosi asubuhi tupokezane kuwapeleka watoto kwenye kiwanja cha shule ya msingi kilicho karibu, nasi tucheze nao badala ya kukaa pembeni na simu.

Baba Mkubwa: Mimi nitakuja na mipira miwili, mmoja wa miguu na mmoja wa mikono, na kamba ndefu ya katani. Zile pesa nilizotenga za kreti za soda nitazielekeza kwenye mayai na maziwa, Mama akikubali.

Bibi: Nimekubali. Kreti moja tu iletwe, ya Krismasi.

Mama Mdogo: Nashukuru sana. Naomba kila mzazi anitumie namba ya kiatu cha mwanawe kabla ya Ijumaa, kwani Jumamosi nitakwenda soko la Karume kutafuta raba za mtumba za watoto wote, wasichana kwa wavulana.