Ulaya wanadhibitije bei za simu na masafa? Wanaoijua sekta tusaidiane

AreaD_Dom (mleta mada)

Wakuu, habari za mchana.

Kila bando likipanda bei, ukikaa kijiweni hapa Dodoma hukosi mtu wa kusema "Ulaya mdhibiti ndiye anapanga bei, kampuni haijiamulii". Mwingine anadakia kwamba nasi tuwekewe bei kikomo, kama EWURA wanavyotangaza ya mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Naomba kujuzwa:

1. TCRA (mdhibiti wetu wa mawasiliano) ya Ulaya ni nani hasa? Nasikia kuna BEREC.
2. Bei anayolipa mteja wa kawaida inapangwa na nani?
3. Masafa (mawimbi ya redio yanayobeba simu na data) wanayauzaje, na ni kweli mnada ukiwa ghali bando nalo linapanda?
4. Mtu akitua Ujerumani na laini yake ya Tanzania, ile sheria ya kutotozwa rominga (nyongeza ya kutumia laini ukiwa nchi nyingine) inamhusu?

Mwenye namba aweke namba, habari za "nilisikia" tumezichoka.

---

Mtumba_Makao

Mkuu, nianze na la kwanza maana linapotosha wengi. BEREC si TCRA ya Ulaya. Ilianzishwa 2009, ofisi yake iko Riga, Latvia, na kazi yake ni kuwakutanisha wadhibiti wa nchi wanachama, kutoa miongozo na maoni. Haitoi leseni, haiuzi masafa, haipigi faini kampuni. Wenye meno ni wadhibiti wa kila nchi: Bundesnetzagentur kule Ujerumani, ARCEP Ufaransa, AGCOM Italia, CNMC Hispania. Ofcom ya Uingereza iko nje ya mfumo huo tangu nchi yao ijitoe Umoja wa Ulaya.

Juu yao ipo Kamisheni ya Ulaya, chombo cha utendaji cha Umoja huo kilichoko Brussels. Mdhibiti wa nchi akitaka kutangaza kwamba kampuni fulani ina nguvu kubwa sokoni na kuibana, anapeleka rasimu Brussels. Kamisheni ina mwezi mmoja wa kutoa maoni, na ikiwa na mashaka makubwa inaongeza miezi miwili. Kwenye suala la nani ana nguvu ya soko inaweza kumzuia kabisa. Kwenye masharti atakayoweka, mara nyingi inaishia kupendekeza tu.

Sasa bei. Bei ya bando ya rejareja Ulaya haipangwi na mdhibiti. Kampuni inajipangia. Orodha ya masoko ambayo Kamisheni inaona yanastahili udhibiti wa mapema (kampuni kubanwa kabla haijakosea) ilikuwa na masoko 18 mwaka 2003, yakabaki 7 mwaka 2007, 4 mwaka 2014, na sasa ni 2 tangu 2020. Yote mawili ni ya jumla (kampuni kuuziana zenyewe) na ni ya mtandao wa nyaya. Bando la simu ya mkononi halimo.

Wanapobana ni huku nyuma ambako mteja haoni. Mfano mkubwa ni gharama za maingiliano. Wewe wa mtandao A ukimpigia mtu wa mtandao B, A inailipa B ili simu ifike. Na kwa kuwa mteja huyo yuko B tu, B ni mhodhi kwa mteja huyo hata kama ni kampuni ndogo kuliko zote. Ikiachwa, inatoza inavyotaka. Matokeo yake tunayajua sote: kupiga ndani ya mtandao ni rahisi, kupiga nje ni ghali, watu wanatembea na laini tatu.

Dawa yao ilikuwa kuweka kiwango kimoja cha juu kwa Umoja mzima: senti ya euro 0.7 kwa dakika mwaka 2021, ikashuka 0.55 mwaka 2022, 0.4 mwaka 2023, na 0.2 kuanzia Januari 2024. Hesabu yake inachukua zile gharama tu ambazo zingetoweka kama simu za kuingia zisingekuwepo. Mishahara ya makao makuu na matangazo ya biashara havimo.

Hapo TCRA hawako nyuma hata kidogo. Ukomo wa maingiliano hapa ulikuwa shilingi 15.60 kwa dakika mwaka 2018, ukashushwa hatua kwa hatua hadi shilingi 2.00 mwaka 2022. Ukichukulia euro moja ni shilingi 2,800, senti 0.2 ya Ulaya ni kama shilingi 5.60.

---

Ntyuka_Juu

Asante Mtumba. Ila usiseme bei ya rejareja haiguswi kabisa. Simu ya kutoka nchi moja ya Umoja kwenda nyingine ina ukomo wa senti 19 kwa dakika na senti 6 kwa SMS, kabla ya VAT, tangu 15 Mei 2019.

---

Mtumba_Makao

Kweli, hiyo ni rejareja, na rominga nayo ilianza hivyo. Mwaka 2007 waliweka senti 49 kwa dakika ya kupiga na senti 24 ya kupokea ukiwa nchi nyingine ya Umoja. Shida ikajitokeza mapema: bei nyingi ziliganda karibu kabisa na ule ukomo. Ukishatangaza bei kikomo, kampuni inaisoma kama bei halali na ushindani chini yake unapoa. Wanaotaka bei kikomo ya bando walifikirie hilo. Petroli ni ileile kituo chochote. Bando lina MB, dakika, SMS, muda wa matumizi na masharti, na kampuni ikibanwa bei inapunguza siku au MB.

Badala yake wanamlinda mteja kwenye mkataba. Mkataba hauzidi miezi 24. Kampuni ikibadilisha masharti kwa hasara ya mteja, inampa taarifa angalau mwezi mmoja kabla, naye ana haki ya kuondoka bila faini. Kuhama mtandao bila kubadili namba kunakamilika ndani ya siku moja ya kazi. Uingereza, Ofcom wamepiga marufuku mikataba mipya yenye kifungu cha "bei itapanda kwa mfumuko wa bei pamoja na asilimia kadhaa" tangu 17 Januari 2025. Ongezeko likiwepo, liandikwe kwa pauni na peni siku ya kusaini.

---

Masafa_Kati

Mimi nichukue swali la tatu, hapo ndipo kuna utamu.

Masafa ya chini kama 700 na 800 MHz yanasafiri mbali na yanapenya kuta. Mnara mmoja unahudumia eneo pana, ndiyo maana yanafaa vijijini. Masafa ya 3.5 GHz yanabeba data nyingi lakini umbali wake ni mfupi. Kwa jiografia ya kwetu, 3.5 GHz unaiweka Dodoma mjini. Ukienda Bahi au vijiji vya Kondoa unahitaji 700. Ulaya hilo liliamuliwa kwa pamoja: nchi wanachama zilitakiwa kuondoa televisheni kwenye 700 MHz hadi 30 Juni 2020. Leseni ni za miaka 15 kwenda juu, na mwenye leseni ahakikishiwe utulivu wa kanuni kwa angalau miaka 20, ili mwekezaji asijenge mnara kwa wasiwasi.

Kugawa, nchi nyingi hupiga mnada wa raundi nyingi: vitalu (vipande vya masafa) vyote viko mezani kwa pamoja, kila raundi bei inapanda, unafungwa pale ambapo hakuna anayeongeza. Uingereza mwaka 2000 iliuza leseni tano za 3G kwa raundi 150 na kukusanya pauni bilioni 22.5. Ujerumani mwaka huohuo iliuza sita kwa takriban euro bilioni 50, na washindi wawili hawakuwahi kujenga mtandao wa maana. Ujerumani tena 2019: raundi 497, wiki 12, kampuni nne, euro bilioni 6.55.

Mnada ukipangwa vibaya unaharibika kwa njia mbili. Ya kwanza ni wanunuzi kuelewana bila kuongea. Ujerumani 1999 vilikuwepo vitalu 10 na sharti kwamba ukitaka kumpiku mwenzako uongeze angalau asilimia 10. Kampuni ya simu ya Mannesmann ikaweka mark (pesa ya Ujerumani ya wakati huo) milioni 18.18 kwa kila MHz kwenye vitalu vitano na milioni 20 kwenye vitano vingine. Chukua 18.18 uongeze asilimia 10: unapata 20 kasoro kidogo sana. Mpinzani wake, T-Mobil, akasoma ujumbe: "wewe chukua hivi kwa 20, mimi niachie vile kwa 20." Mnada ukaisha raundi ya pili. Hakuna aliyemwandikia mwenzake barua.

Ya pili ni uhaba wa kutengenezwa. Mwaka 2019 Wajerumani waliweka kando MHz 100, kati ya 3.7 na 3.8 GHz, kwa ajili ya viwanda na mitandao ya ndani, na wakati huohuo kampuni ya nne ikaingia mnadani. Vitu vichache, wagombea wengi, bei ikapaa. Kuweka kando si kosa, ila ujue bili yake.

---

Kongwa_Line

Kwa hiyo mnada ghali = bando ghali. Mbona unazunguka?

---

Masafa_Kati

Hapana mkuu. Pesa ya mnada ikishalipwa hairudi, hata kampuni ikiweka bando bei gani. Bei inapangwa kwa kuangalia mteja atavumilia kiasi gani na jirani anauza ngapi. Kinachoumia ni ujenzi: kampuni iliyomaliza akiba kwenye leseni inachelewesha minara, inaanza na miji, na vijiji vinasubiri.

Ndiyo maana Ufaransa Januari 2018 walikwenda njia nyingine. Waliongeza muda wa leseni za 900, 1800 na 2100 MHz kwa miaka kumi bila mnada, na serikali ikasamehe mapato. Kampuni zikakubali masharti yanayodaiwa kisheria: kila moja hadi maeneo mapya 5,000 yatakayochaguliwa na serikali kwa kushirikiana na halmashauri, na 4G kwenye minara yake yote. ARCEP wanapima barabarani na kuchapisha ramani, kampuni isipotimiza inaadhibiwa. Ujerumani nao Machi 2025 waliongeza leseni miaka mitano bila mnada, kwa sharti la intaneti yenye kasi ya Mbit/s 50 kwenye asilimia 99.5 ya eneo la nchi kuanzia 2030. Angalia: eneo, siyo asilimia ya watu. Asilimia 95 ya watu unaifikisha bila kugusa pori. Kama kuna neno moja la kuchungulia kwenye leseni yoyote, ni hilo.

Kinachogusa bei zaidi kuliko mnada ni idadi ya wauzaji. Kuunganisha kampuni kubwa kunaamuliwa na Kamisheni kwa sheria ya ushindani, siyo na mdhibiti wa simu. Mwaka 2014 iliruhusu Telefónica kuichukua E-Plus kule Ujerumani kwa sharti la kuuza hadi asilimia 30 ya uwezo wa mtandao kwa wasio na minara yao. Mwaka 2016 ikakataa Three kuinunua O2 Uingereza.

---

Ntyuka_Juu

Swali la nne limebaki. Jibu ni hapana, haimhusu.

Kutumia laini kwa bei ya nyumbani, tangu 15 Juni 2017 na sasa hadi 2032, ni kwa laini za nchi za Umoja wa Ulaya pamoja na Norway, Iceland na Liechtenstein, na tangu Januari 2026 Ukraine na Moldova. Uswisi haimo, na wanaopitia Geneva huwa wanashtukia kwenye bili. Laini ya Tanzania inatozwa kwa makubaliano ya kampuni yako na ya kule, bila ukomo wa Brussels. Kwa hiyo zima data ya rominga kabla ndege haijatua, acha laini ya nyumbani ipokee SMS za benki, nunua laini ya kule kwa ajili ya data. Kwa nchi kama Ujerumani utahitaji pasi ya kusafiria kuisajili.

Ukishakuwa na laini ya kule, nayo ina mpaka wake ukivuka nchi. Kampuni ya nyumbani inailipa ile ya ugenini kwa GB, na ukomo wa malipo hayo unashuka: euro 1.30 mwaka 2025, 1.10 mwaka 2026, 1.00 kuanzia 2027. Kwa bando lisilo na kikomo, kiwango cha chini unachopewa ugenini ni bei yake bila VAT, gawa kwa ukomo huo, zidisha mara mbili. Bando la euro 20 mwaka 2026: 20 ÷ 1.10 × 2 = kama GB 36. Ukizidisha hapo, unaweza kutozwa euro 1.10 kwa GB na VAT juu. Na ukiwa kwenye meli au ndege, simu ikijiunga na mtandao wa satelaiti, hesabu hii yote haifanyi kazi.

---

AreaD_Dom

Shukrani wakuu. Moja la mwisho: nikipiga kutoka hapa kwenda namba ya Ujerumani, ile senti 0.2 inanisaidia?

---

Mtumba_Makao

Si lazima. Kiwango kile kinazihusu simu zinazotoka namba za Ulaya. Simu ya kutoka nje inakipata iwapo nchi inakotoka nayo haitozi simu za Ulaya zaidi ya kiwango hicho. Ikitoza zaidi, kampuni ya Ujerumani iko huru kuidai zaidi kampuni yako, na hiyo gharama utaikuta kwenye dakika yako ya kimataifa. Piga kwa intaneti.