Kutafuta chanzo cha ugonjwa au kuendelea kuongezewa vidonge?

KidongeChaTano ameuliza:

Ndugu zangu, nina umri wa miaka 54, na huu ni mwaka wa nne natumia dawa za shinikizo la damu. Nilianza na kidonge kimoja tu cha amlodipini, miligramu 5, baada ya kupimwa siku tatu tofauti na kukutwa na 158/96, kisha dozi ikapandishwa hadi miligramu 10. Haukupita muda mrefu, miguu ikaanza kuvimba nyakati za jioni, soksi zikawa zinaacha mfereji juu ya kifundo, nami nikaandikiwa dawa ya kuongeza mkojo. Mwaka uliofuata kidole gumba cha mguu wa kulia kiliniamsha usiku wa manane, kimeiva kwa wekundu na kinawaka moto, hata shuka likikigusa napiga kelele. Nikaambiwa kuwa ni jongo, kwamba asidi ya yuriki imezidi kwenye damu, nikapewa kidonge cha tatu cha kuishusha pamoja na diklofenaki ya kutuliza maumivu, ambayo tangu hapo najinunulia mwenyewe kila kidole kinaponikumbusha kwamba bado kipo. Wiki iliyopita presha ilisoma 164/98, na daktari, ambaye alikuwa na foleni ndefu nje ya mlango, ametaja uwezekano wa kuongeza kidonge cha tano.

Rafiki yangu anafuata mafundisho ya mtaalamu mmoja wa tiba ya mwili mzima, ambaye husema kwamba dawa za kuandikiwa ni ndoo zinazokingwa chini ya paa linalovuja, na kwamba anayetaka kupona aache ndoo, apande juu akazibe tundu. Ananishauri niviache vidonge vyote kwa mwezi mmoja ili mwili ujisafishe. Siwezi kusema kwamba maneno yake hayaniingii akilini, kwa sababu kila ninapokwenda kliniki natoka na ndoo mpya. Ninachouliza ni hiki: je, kuna ukweli wowote katika habari hii ya chanzo, na kama upo, mtu aliye katika hali yangu anaanzia wapi?

MfamasiaMstaafu amejibu:

Ndugu muulizaji, maelezo yako yamepangwa vizuri kiasi kwamba jibu limo ndani yake, na nashangaa kwamba hakuna aliyekuwekea vidonge vyako mezani kwa mpangilio wa tarehe ulizoanza kuvitumia.

Amlodipini hutanua mishipa midogo inayopeleka damu kwenye viungo, lakini haitanui kwa kiwango kilekile mishipa inayoirudisha. Kwa hiyo msukumo ndani ya vishipa vya miguuni huongezeka, na majimaji huchujika kwenda kwenye nyama. Uvimbe huo huwapata zaidi wanaotumia miligramu 10 kuliko wa miligramu 5, na kwa kuwa hautokani na maji kuzidi mwilini, dawa ya kuongeza mkojo haiusaidii sana. Dawa hiyo ya mkojo, hasa ikiwa ni ya kundi la haidroklorothiazaidi, huifanya figo ibakize asidi ya yuriki, na hapo ndipo kidole kinapowaka. Kisha unameza diklofenaki, nayo huifanya figo ibakize chumvi na maji, hupandisha presha, na hudhoofisha kazi ya baadhi ya dawa za presha. Yaani umezunguka duara zima ukarudi pale ulipoanzia, safari hii ukiwa na 164.

Sisi wa kaunta ya dawa tunaijua hali hii: dawa inaleta dhara, dhara linadhaniwa kuwa ugonjwa mpya, na ugonjwa huo mpya unaandikiwa dawa yake. Mwaka 1997 watafiti Paula Rochon na Jerry Gurwitz waliieleza katika jarida la kitabibu la Uingereza, na bado inawanasa wagonjwa kila siku, hasa wale wanaohudumiwa na zaidi ya daktari mmoja. Kwa hiyo rafiki yako hakukosea aliposema utafute chanzo. Kosa lake ni kudhani kwamba chanzo cha kila kitu kimejificha ndani kabisa ya mwili, wakati chanzo cha kidonge chako cha pili, cha tatu na cha nne huenda ni kidonge cha kwanza.

Usiache amlodipini wala dawa ya kushusha yuriki kwa uamuzi wako. Diklofenaki unayojinunulia ndiyo ningeiweka kando leo hii, nikamwambia daktari mapema kwamba nahitaji kinga nyingine dhidi ya maumivu. Nenda na vidonge vyote mkononi, pamoja na vile vya kujinunulia na vya mitishamba, uombe mambo mawili yajadiliwe: kurudisha amlodipini kwenye miligramu 5 na kuongeza dawa ya kundi jingine. Losartani, kwa mfano, hushusha presha na pia hupunguza yuriki kidogo. Uombe pia vipimo vya figo na vya madini ya potasiamu kwenye damu kabla na baada ya mabadiliko hayo.

NilizibaTunduVibaya amejibu:

Naomba nieleze yaliyonipata mimi, kwa sababu ushauri wa kuacha vidonge kwa mwezi mmoja niliufuata miaka sita iliyopita. Siku chache za mwanzo nilijisikia mwepesi, na nikawatangazia watu wote nyumbani kwamba sasa nimepona. Badala ya vidonge nilikuwa nakunywa asubuhi na jioni maji ya mizizi yaliyotengenezwa na mtu niliyemwamini, na ladha yake ilikuwa tamu, jambo ambalo lingepaswa kunishtua. Katika wiki ya tano misuli ya mapaja ilianza kuishiwa nguvu, nikawa napanda ngazi kwa kushika ukuta, na nilipopimwa presha ilikuwa 210/118 bila ya kichwa kuuma hata kidogo. Potasiamu ilikuwa imeshuka vibaya.

Ilibainika kwamba sehemu kubwa ya mchanganyiko ule ilikuwa urukususu, mzizi mtamu ambao Waingereza huuita licorice. Mzizi huo huzuia kimeng'enya kwenye figo ambacho kwa kawaida huivunja homoni ya kotisoli, na kotisoli isipovunjwa hufanya kazi kama aldosteroni, homoni inayoiamuru figo ibakize chumvi: chumvi inabaki, potasiamu inatoka na presha inapanda. Nilikuwa natibu mzizi wa ugonjwa kwa mzizi unaouleta! Leo naweza kucheka, ila siku ile sikucheka.

Kuhusu ndoo na paa, mimi sina ugomvi na kuziba tundu. Ila mvua ikiwa inanyesha, ndoo inakaa palepale mpaka tundu lizibwe, na mtu apime kweli kama limezibika.

UsingiziMzito amejibu:

Swali moja tu: je, unakoroma, na je, yupo aliyewahi kukuambia kwamba pumzi yako hukatika usingizini kisha unashtuka kama mtu anayezama? Mume wangu alikuwa na dawa tatu za presha zisizofua dafu, na alikuwa akisinzia mchana hata akiwa anazungumza na wageni. Alipopimwa usiku alikutwa na tatizo la njia ya hewa kuziba akiwa amelala. Sasa analala na mashine inayosukuma hewa puani, na dawa zimebaki mbili. Hilo nalo ni chanzo, na hakuna aliyeliuliza kwa miaka mingi kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa usingizini, nami niliona kukoroma ni tabia yake tu.

DaktariWaWodi amejibu:

Nimesoma majibu ya wenzangu na sina la kuyapinga. Nitaongeza jambo kuhusu neno lenyewe, chanzo, kwa sababu linatumika kana kwamba kila ugonjwa una mzizi mmoja na kwamba mzizi huo siku zote ni chakula au msongo wa mawazo.

Tuchukue vidonda vya tumbo. Kwa miongo mingi wataalamu walifundisha kwamba vinaletwa na asidi nyingi, mawazo na namna mtu anavyoishi. Yaani maelezo ya mwili mzima yalikuwa ndiyo maelezo rasmi. Mwaka 1982, huko Perth, Australia, madaktari Barry Marshall na Robin Warren walifanikiwa kuotesha bakteria kutoka kwenye matumbo ya wagonjwa. Mwaka 1984 Marshall akanywa mwenyewe kikombe cha bakteria hao ili kuwaonyesha waliombishia, na tumbo lake likashika uvimbe baada ya siku chache. Walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Chanzo kikuu kilipopatikana, tiba yake ikawa antibiotiki za wiki moja au mbili pamoja na dawa ya kupunguza asidi, na waliokuwa wakiambiwa wapunguze mawazo wakapona kwa vidonge. Vivyo hivyo kwa kisukari cha aina ya 1: kinachokosekana ni insulini yenyewe, na kumpa mgonjwa insulini hiyo ni kutibu kasoro iliyopo, wala si kufunika dalili.

Kisukari cha aina ya 2 kinatupeleka upande wa pili, na hapa rafiki yako ana hoja nzito kuliko anavyojua. Utafiti mkubwa uliotangazwa Marekani mwaka 2002 ulifuatilia watu 3,234 ambao sukari yao ilikuwa imepanda bila kufikia kiwango cha ugonjwa. Waliosaidiwa kupunguza uzito na kufanya mazoezi ya angalau dakika 150 kwa wiki walipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58, na waliopewa metformini, dawa ya kushusha sukari, kwa asilimia 31. Baadaye watafiti Roy Taylor na Michael Lean, huko Uingereza, walichukua watu ambao tayari walikuwa na kisukari kwa muda usiozidi miaka sita na ambao hawakuwa wakitumia insulini, wakawawekea mlo wa takribani kalori 850 kwa siku kwa miezi mitatu hadi mitano. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 46 walikuwa na sukari isiyofikia kiwango cha kisukari bila dawa yoyote ya kisukari, na kati ya waliopunguza kilo 15 au zaidi ilikuwa asilimia 86. Maelezo ya Taylor ni kwamba mafuta yanayojaa kwenye ini na kongosho ndiyo yanayovuruga kazi ya insulini, na yakiondoka, kongosho la wengi linaamka.

Hata hivyo, katika mwaka wa pili asilimia 46 ilikuwa imeshuka na kuwa 36, kwa kuwa uzito hurudi. Na jambo ambalo wahubiri wa kuacha dawa hawalisemi ni kwamba katika utafiti huo dawa za sukari na za presha zilisimamishwa siku ya kwanza, ndiyo, lakini mbele ya wauguzi waliopima mara kwa mara na kuzirudisha pale zilipohitajika.

Kwa presha yako, watu wengi hawana chanzo kimoja kinachoweza kushikwa mkononi. Ni urithi, umri, chumvi, uzito, usingizi na pombe vikifanya kazi pamoja. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, na kila kilo moja ya uzito unayopunguza huishusha namba ya juu kwa takribani nukta moja. Wachache wana chanzo mahususi, kama vile tezi iliyo juu ya figo kutoa aldosteroni kupita kiasi, na hao huweza kutibiwa kwa upasuaji au kwa dawa inayolenga homoni hiyo moja kwa moja. Anayejiita mtafuta chanzo lakini hajakuuliza kuhusu kukoroma, hajaagiza kipimo cha damu na hajaangalia orodha ya vidonge vyako, mimi sielewi anakitafuta wapi.

KidongeChaTano amejibu:

Shikamooni wakubwa, na nawashukuru nyote. Nimepita wiki tatu bila kuandika kwa sababu nilitaka kwanza nione matokeo.

Nilikwenda kliniki na mfuko wa vidonge, nikavipanga mezani kwa tarehe kama alivyosema mzee wetu mfamasia. Daktari alinyamaza kidogo, akavuta kiti. Diklofenaki imeondoka, dawa ya mkojo imeondoka, amlodipini imerudi miligramu 5 na nimeongezewa losartani. Figo na potasiamu ziko salama, na nitapimwa tena mwezi ujao. Dawa ya yuriki nimeambiwa niendelee nayo kwa sasa. Nimepewa tarehe ya kipimo cha usingizi pia, maana nilipowauliza watu wa nyumbani kama nakoroma, walicheka kabla hawajajibu. Wastani wa presha yangu ya asubuhi kwa wiki hii ni 141/86, na soksi hazichimbi tena mfereji. Kidole kimetulia. Rafiki yangu hajafurahi kwamba bado nina vidonge vitatu, ila ameniomba nimsaidie kupanga vya mama yake.

Nina swali dogo limebaki kwa mfamasia: losartani niinywe asubuhi au usiku?

MfamasiaMstaafu amejibu:

Marahaba. Saa yoyote usiyoisahau. Utafiti uliofanyika Uingereza na kutolewa mwaka 2022, wenye watu zaidi ya 21,000, haukuona tofauti kati ya wanaomeza dawa za presha asubuhi na wanaomeza jioni kwa upande wa kiharusi na shambulio la moyo. Kama unaamka usiku kwenda haja, iweke asubuhi, karibu na mswaki.