Naomba ushauri: nishani ya mwanafunzi wa zamani wa shule yetu, Lubumbashi

Wandugu, jambo kwenu.

Sisi tuliosoma shule moja ya misioni hapa Lubumbashi tunataka kumheshimu nkambo (babu) mmoja aliyesoma pale kabla yetu. Aliingia Force Publique, jeshi la kikoloni la Kongo ya Wabelgiji, akapigana Abisinia (Ethiopia) mwaka 1941, katika vita vile vilivyoishia mji wa Saïo mwezi wa 7, jenerali Gazzera alipojisalimisha na Waitaliano wake. Alipewa Croix de guerre, nishani ya vita ya Ubelgiji, kwa ushujaa. Nimeishika mkononi: msalaba wa shaba, panga mbili nyuma yake, simba katikati, utepe mwekundu wenye mistari ya kijani uliochakaa pembeni. Inanisikitisha sana kwamba hakuna mtoto wa shule anayemjua.

Karatasi ya nishani imepotea. Je, dosie (faili) yake ya kijeshi tuiombe wapi Ubelgiji: nyaraka za serikali, au makumbusho ya jeshi kule Bruxelles? Barua iandikwe na familia au na shule?

Tena, wajukuu hawakubaliani. Mmoja anataka nishani ikae shuleni, mwingine anasema ipelekwe makumbusho ya taifa hapa mjini. Mimi naona ibaki kwa familia, shule iweke picha na jina lake ukutani. Na kuna anayetaka kuisugua ing'ae. Nimemwomba asiiguse kwanza.

Mwenye kuwahi kufuatilia dosie ya askari wa zamani, tafadhali atueleze alianzia wapi. Bibi, binti yake mkubwa, ni mzee sasa, na tungependa aione siku hiyo.