Jamani, edita imeniaibisha mbele ya mteja!

Wakuu, naandika mikono ikitetemeka. Ile edita yetu ya bure, programu ya kuandikia msimbo wa tovuti, sitaji jina maana wote mnaijua, leo imenivua nguo mchana kweupe.

Miaka sita nabonyeza Ctrl+D kurudufu mstari. Vidole vinaijua kuliko njia ya kwetu. Leo niko Kariakoo dukani kwa mteja, mama wa vitenge, kasimama nyuma ya kiti changu nimwongezee mstari wa bei kwenye tovuti yake. Nabonyeza Ctrl+D. Badala ya mstari, likafunguka dirisha la akili mnemba likameza nusu ya kioo: niambie unachotaka, nikuandikie. Mama akainama, akasoma taratibu, akanitazama. "Kumbe unaandikiwa?"

KUMBE UNAANDIKIWA! Wiki mbili nimekesha na tovuti ile, mbu wameninywa mpaka wakaita ukoo mzima, leo naandikiwa! Na laki moja ya malipo yangu kaikata pale pale.

Nani aliwaomba dirisha? Kutafuta neno kwenye faili kubwa kunagandisha, tumeripoti mpaka tumechoka, hawajagusa. Kompyuta yangu ina kumbukumbu ndogo, RAM ya GB 4 tu. Baada ya apdeti feni inalia kama bajaji inapanda Kitonga. Nikawaandikia. Dakika tano tu, jibu: "Siyo hitilafu, ni kipengele kipya. Kizime kwenye setingi." Wakafunga hoja. Kwa nini nizime nisichokiwasha? Yule mama nimwonyeshe setingi? "Kumbe unaandikiwa." Bado naisikia!

Mzee wa Taminali: Tuliza mshono, kijana. Hamia Vim, edita ya maandishi matupu. Ipo tangu 1991, :wq unahifadhi na kutoka, hakuna anayekusemesha.

binti_seva: Hakuna anayekusemesha? Si ukiifungua tupu inakuomba usaidie watoto maskini wa Uganda 😂

Mzee wa Taminali: Hiyo iheshimu. Marehemu Bram Moolenaar, aliyeitunga Vim, alikwenda mwenyewe kujitolea Kibaale, huko huko Uganda. Tena ni mstari mmoja, ukianza kuandika unatoweka. Haukalii kazi ya mtu.

nano_tu: Mbona hata edita ya nano, toleo la 8.0, mwaka 2024, walibadilisha Ctrl+F? Zamani ilisogeza herufi moja mbele, sasa inatafuta. Mimi nilishukuru, ndivyo programu nyingine zinavyofanya.

Mleta mada: Ulishukuru kwa sababu hukuwa na mama wa vitenge mgongoni!

Kobe255: Edita yangu Atom ilizimwa Desemba 2022 na plagini (viongezi) zangu zote. Nyie mnalilia kitufe?

mpita_njia: Mkuu, ila kweli hujaandikiwa? 😂😂

Mleta mada: Nenda zako.

Shemeji Mbagala: Edita afadhali. App ya kutuma hela wamehamisha kitufe cha salio, mahali pake wameweka "rudia muamala". Nimemtumia mwenye nyumba kodi mara mbili.

binti_seva: Na mimi hiyo hiyo! Nilimrudia fundi cherehani.

nano_tu: Shemeji, mwenye nyumba karudisha?

Shemeji Mbagala: Kasema ni ya mwezi ujao. Na mwezi ujao nilikuwa nahama.