Kaboni ya udongo wa malisho ya kaskazini mwa Kenya: iuzwe kwa tani?

MTOA HOJA: Mradi wa kaboni wa Northern Rangelands Trust, shirika linalosimamia hifadhi za jamii, unaogusa takriban hekta milioni 1.9 kaskazini mwa Kenya, umejengwa juu ya dai kwamba mifugo ikilishwa kwa zamu nyasi huchipua vizuri, mizizi huongezeka, na kaboni inayobaki ardhini inaweza kuuzwa kwa makampuni yanayotaka kufidia moshi wao. Mwaka 2023, baada ya Survival International, shirika la kutetea haki za jamii za asili, kuukosoa, shirika la Verra lililouidhinisha lilisimamisha kwa muda utoaji wa krediti, yaani vyeti vya tani za kaboni vinavyouzwa, ili kuupitia upya. Hoja yangu ni kwamba kaboni hii isiuzwe kwa tani hata kidogo, kwa kuwa zamu ya malisho ni jambo moja tu kati ya yanayoamua kiasi chake, wala si lenye nguvu kuliko yote. Mvua ndiyo huamua nyasi zitaota kiasi gani. Udongo wa mfinyanzi, pamoja na oksidi za chuma na alumini, ndio hushika mabaki ya mimea yasifikiwe kwa urahisi na vijidudu. Na joto, udongo ukishalowa, huharakisha uozaji. Misimu 5 mfululizo iliyokosa mvua, kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022, haikuuliza ratiba ya mtu.

MCHANGIAJI WA KWANZA: Ndugu mtoa hoja, kuhusu mvua sina ubishi. Hata hivyo, udongo uliochakaa una nafasi kubwa zaidi ya kupokea kaboni mpya. Wakulima wa magharibi mwa Kenya, ambao mradi wao wa kaboni ulipata krediti za kwanza mwaka 2014, huacha mabua shambani na kupanda miti. Tani zikikataliwa, nani atalipia kazi hiyo?

MTOA HOJA: Ndugu yangu, ghala tupu si dalili ya mavuno. Nafasi inatokana na mfinyanzi, lakini kinachoijaza ni mimea, na nyanda kame za Marsabit hazipati hata nusu ya mvua ya Kitale. Isitoshe, huko magharibi tani zilikadiriwa kwa RothC, modeli ya kompyuta ya kukadiria kaboni ya udongo iliyotokana na majaribio ya kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, penye tabianchi tofauti kabisa. Sehemu ya kaboni dioksidi inayotolewa leo itabaki angani kwa karne nyingi, ilhali mabaki ya mizizi yasiyoshikwa na mfinyanzi huweza kuoza ndani ya miaka michache. Wafugaji walipwe kwa kazi ya kutunza malisho, na mlipaji asipewe cheti cha kufuta moshi wake.

MCHANGIAJI WA PILI: Mmewasahau wenye ardhi. Januari 2025 mahakama ya Isiolo iliamua kwamba hifadhi mbili za jamii zinazohusishwa na Northern Rangelands Trust zilianzishwa bila kuwashirikisha wananchi ipasavyo. Kama tani zitaendelea kuuzwa, vipimo vya udongo vya mahali pale pale na kina kile kile, vya kabla na baada ya ukame, viwekwe kwanza mbele ya wafugaji hao.